Nadhiri ya Mama na Kifo cha Kashaloti

Mtaa wa Rivet,
New Bedford, Massachusetts.
9 Juni 1980.

Mpendwa mdogo wangu Horácio,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa shemeji yako Adelino na kwa mpwa wako Natércia, ambaye sasa amenipita urefu na anataka kila mtu ajue. Hujambo? Unalala vizuri? Goti linaendeleaje? Tafadhali usiniandikie kwamba goti ni zima, maana nakujua tangu unanyonya na hujawahi kunidanganya ukafaulu hata siku moja. Na huko Nebraska unakula nini? Mwenzako Fitzroy ananiambia ni nyama asubuhi, nyama jioni, na samaki wanamjulia kwenye kopo.

Sisi hapa hatujambo, tunamshukuru Mungu, ila nyumba imekuwa kubwa ghafla. Adelino anakohoa kwa ile baridi ya kiwanda cha samaki. Mimi mgongo wangu unanikumbusha kila jioni kwamba cherehani ya kiwandani haina huruma na mtu aliyevuka arobaini. Hayo ni maradhi ya watu wanaofanya kazi, usiyatie moyoni.

Usishangae barua hii kukufikia. Mbili nilizokuandikia mwaka jana zilirudi. Ile ya California ilirudi na muhuri kwamba klabu haipo tena. Ile ya Pennsylvania mtu alikuwa ameandika kwa mkono juu ya bahasha kwamba timu imehamia mji mwingine na mtaa haujulikani. Mdogo wangu, ni ligi gani hii ambayo klabu zake zinakufa kama kuku wenye kideri? Unavaa jezi msimu mmoja, msimu wa pili jezi ile ile inauzwa mnadani pamoja na viti vya ofisi. Anwani hii ya sasa kaitafuta Fitzroy Alleyne, yule winga wenu Mtrinidadi. Alibaki hapa mjini baada ya klabu yenu ya Kashaloti kufa, anafanya kazi na Adelino kwenye samaki, na siku hizi anakula kwetu Jumapili kama mtoto wa nyumba.

Kwanza nikushukuru kwa maua. Yalifika asubuhi ya mazishi, meupe, mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote, na kila aliyeingia alisoma ile kadi akatikisa kichwa. Maua yalifika, wewe hukufika. Ulipopiga simu, kwa tabia yako ile ya kupiga bila kuacha namba, ukakuta Mama ametutoka tangu juzi yake, uliniambia huwezi kuja kwa sababu mna mechi. Baadaye Fitzroy akaniambia msimu wenu ulikuwa haujaanza. Niliumia, Horácio. Nilikukasirikia hasira ambayo sikujua kama ninayo, nikaapa sikuandikii tena. Nimevunja kiapo hicho kwa sababu kuna jambo Mama aliniachia kabla hajafumba macho, na jambo lenyewe ni lako kuliko langu.

Najua kilichokuzuia. Hukuogopa jeneza la Mama. Uliogopa kupita mbele ya duka la kunyolea la Mzee Tibúrcio.

Mimi mpaka leo sielewi kanuni ile ya Wamarekani. Duniani kote sare ni sare, watu wanapeana mikono wanakwenda kula. Wao hawawezi kulala na sare. Lazima apatikane mshindi, basi wanambebesha mchezaji mmoja mpira, wanamweka mbali huko, wanampa sekunde tano amkabili golikipa peke yake mbele ya watu wote wa mji. Katika ile fainali wenzako walikuwa wamekwisha kupiga, wale wa Pennsylvania wametangulia kwa moja, na wa mwisho ukawa wewe. Nakuona hata sasa. Ulianza vizuri, ukasogea, halafu goti likakunjika na wewe ukaanguka kabla hujaufikia mpira, na mpira ukaenda wenyewe polepole mpaka mikononi mwa golikipa, naye akauokota kama mtu anayeokota machungwa sokoni.

Wiki chache baadaye Bwana Whitcomb, mwenye klabu, akafunga geti la uwanja kwa mnyororo, akahamia Florida kuuza mashua za starehe. Kashaloti ikawa imekwisha. Misimu miwili tu! Na watu wa mji huu wakapiga hesabu yao: Horácio angefunga, tungesawazisha; tungesawazisha, tungepata kombe; tungepata kombe, Whitcomb asingefunga klabu. Kwa hiyo Horácio ndiye aliyeiua. Tibúrcio aliiimba hesabu hiyo kwa kila kichwa alichokinyoa. Na asubuhi moja tukakuta neno la chaki kwenye mlango wetu: MUUAJI. Mama alilifuta kwa kitambaa kibichi, polepole mno, hata nikamwambia aniachie mimi. Akakataa. Wewe ulishuka ngazi ukaiona ile chaki iliyobaki, na juma lile lile ukapanda basi la California.

Sitaki uwachukie. Kumbuka Kashaloti ilikuwa nini kwa watu hawa. Wanaume waliokuwa hawajui kufanya nini na Jumapili zaidi ya kulala walitoka misani wakaenda moja kwa moja uwanjani na suti zao. Wajane wenye rozari mkononi walimtukana mwamuzi kwa Kireno, naye akidhani wanamwombea. Tulicheka wale wasichana wa manyoya waliokuwa wakirukaruka pembeni, na saa ile inayohesabu kurudi nyuma, na yule mtangazaji wa kipaza sauti aliyetamka jina letu kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, mpaka watoto wa jukwaani wakamfundisha. Siku alipolitamka sawasawa, Arruda, uwanja mzima ulimpigia makofi yeye badala yako. Marehemu Baba alikuwa akisema kwamba enzi za viwanda, kabla ya vita, mji ulikuwa na klabu kubwa na yenyewe ikafa, na wazee walivaa nyeusi. Tulimcheka. Kumbe alikuwa akisema kweli.

Sasa nisikilize.

Mwezi wa Februari, siku chache kabla ya Kwaresma, nilikuwa ninamwosha Mama nywele. Alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha, amekonda, taulo shingoni, mimi namwagia maji kwa kikombe. Akaniambia bila kugeuka:

“Deolinda, ile klabu niliiua mimi.”

Nikadhani homa imempanda. Nikamwambia, “Mama, funga macho, sabuni hiyo.”

“Sikia ninachokwambia. Niliiombea ife. Na mimi nikiomba huwa ninaomba kweli, unanijua.”

Akanieleza yote, mdogo wangu, nami mikono yangu ikabaki kichwani pake. Kiangazi kile cha msimu wa mwisho alifungua mlango wa bafu akidhani hamna mtu, akakukuta umekaa kwenye beseni la barafu, goti limevimba kama boga, unalia ukiwa umeuma taulo ili tusikusikie. Hukumwona. Aliurudisha mlango. Kesho yake ukaenda kwa yule daktari wenu wa sindano, ukacheza dakika zote, na watu wakakubeba mabegani. Mama hakushangilia. Alikwenda kanisani mchana, kukiwa hakuna mtu, akapiga magoti mbele ya taji la Roho Mtakatifu akaweka nadhiri. Maneno yake aliyakumbuka yote, akaniambia niyashike: “Roho Mtakatifu, ifunge klabu hii, unirudishie mwanangu nyumbani na miguu yake miwili, nami nitawalisha watu wote wa parokia supu yako.”

Halafu ikaja ile fainali. Alikuwa jukwaani karibu yangu. Nilipoona umeanguka nilipiga kelele. Yeye hakupiga. Sasa najua alichokiona. Aliona sala yake inajibiwa, na inajibiwa kwa kutumia lile lile goti. Mtu aliyeomba mvua akaletewa mafuriko ndani ya nyumba yake mwenyewe hawezi hata kulalamika, maana atamlalamikia nani?

Nikamwambia ukweli ninaoujua. Whitcomb alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi tangu kiangazi; gazeti liliandika baadaye. Klabu yenyewe ilikuwa inaoza kutoka juu, na la kuvunda halina ubani. Hata ungefunga mabao kumi asingebaki.

“Tangu kiangazi?” akaniuliza.

“Ndiyo, Mama. Tangu kiangazi.”

“Na mimi niliomba kiangazi.”

Nikammwagia kikombe kingine cha maji.

Lakini lililokuwa likimla halikuwa klabu, ulikuwa ni wewe. Alisikia mji mzima unakuita muuaji, akanyamaza. Alifuta ile chaki mlangoni akijua neno lile ni lake. Alikuona unafunga sanduku, akakufungia mkate na soseji za njiani, akanyamaza. Aliniambia, “Nilimwacha mwanangu abebe dhambi yangu mpaka California, na mimi niko hapa nakaanga samaki.” Akalia, na maji ya nywele yakamtiririkia usoni, nikamfuta yote pamoja.

Ndiyo maana mwaka jana, katika ile kura ya parokia ya kugawa majuma saba ya taji kukaa nyumba kwa nyumba, alitia jina letu. Sisi tulidhani ni ibada tu. Kura ikatoka, tukapata juma la saba, la Pentekoste, lile kubwa kuliko yote. Alitaka kulipa. Ila unaijua desturi ya parokia yetu: mwenye taji ndiye anayelisha watu supu, naye husimama mbele ya meza kabla haijaliwa, akasema mbele ya wote ni nadhiri gani analipa. Angesimamaje mbele ya watu waliolia mtaani Kashaloti ilipokufa, awaambie karibuni mle, nashukuru imekufa? Alikuwa akijikusanyia ujasiri mwaka mzima. Kifo kikamtangulia. Siku mbili kabla ya kufariki alinishika mkono kwa nguvu zake zote akasema, “Lipa wewe. Usiniache nizunguke.”

Unajua tulivyolelewa. Aliyekufa na nadhiri hapumziki. Mwenyewe unaweza kucheka huko Nebraska, lakini jaribu kulala peke yako kwenye nyumba ambayo mama yako ameomba asiachwe azunguke, kisha ngazi ilie.

Mama mdogo Leonor, nilipomweleza, alijifunika uso kwa aproni yake. Alipotoka humo alikuwa na ushauri tayari: niseme nadhiri ni ya afya, kila mwaka kuna watu watano wanalipa nadhiri za afya, nani atauliza? Padre naye akasema Mungu anajua nia, si lazima itajwe mezani. Wote wawili waliniambia maneno mazuri na nilitamani sana kuyafuata. Sitakuficha, nilimkasirikia hata marehemu. Miaka miwili alikuwa akiniona natukanwa kiwandani kwa ajili yako, wanawake wanahamisha viti vyao mbali na cherehani yangu, na yeye anajua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo, lakini huu hakuwa ameubeba peke yake.

Taji lilikaa nyumbani juma zima, juu ya meza ya Mama, tumeizungushia maua na karatasi za rangi kama alivyopenda. Kila jioni majirani walikuja kusali rozari, hata wale waliohamisha viti. Jumamosi tukahamia jikoni mwa ukumbi wa parokia. Nyama, kabichi, mnanaa, mkate wa kumiminia mchuzi, vyote. Adelino na Fitzroy walibeba masufuria yale makubwa. Halafu Fitzroy akaonekana anatia pilipili yake ya Trinidad ndani ya moja, na Mama mdogo Leonor akamkimbiza na upawa mpaka nje barabarani: “Mwanaharamu wewe! Hiyo ni supu ya Roho Mtakatifu, si ya bandarini kwenu!” Na Fitzroy anajibu huku anakimbia, “Shangazi, hata Roho Mtakatifu alishuka na moto!” Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Jumapili, baada ya misa, ukumbi ukajaa. Mzee Tibúrcio alikaa meza ya mbele kabisa, leso imetiwa kwenye kola, kijiko kimesimama mkononi. Nikasimama. Mpaka dakika ile sikujua nitasema lipi. Nikawatazama, nikaona zile nyuso zilizokuita muuaji, nikasikia mdomo wangu unasema:

“Supu hii ni nadhiri ya mama yangu, Maria da Glória Arruda. Aliomba Kashaloti ife, kwa sababu alimwona mwanawe analia kwa goti. Ikafa. Mkatafuta aliyeiua mkasema ni Horácio. Mama yangu alifariki akiamini ni yeye mwenyewe aliyeiua. Sasa mnajua. Anayeona hawezi kuila supu hii, mlango uko wazi, sitamwekea kinyongo.”

Mvuke ukapanda kwenye sahani, Horácio, na hakuna mkono uliosogea. Mke wa mwokaji akasimama akamshika mtoto wake akatoka, na wengine wawili watatu wakamfuata. Nikasema moyoni, nimemuua Mama mara ya pili.

Mzee Tibúrcio akaondoa leso shingoni. Akasimama. Nikajua na yeye anaondoka, na akiondoka yeye ukumbi wote utamfuata.

“Deolinda, kaa chini,” akasema. “Klabu niliiua mimi.”

Watu wakageuka. Akaendelea, ameitazama sahani yake:

“Yule Whitcomb alikuwa akija kunyoa kwangu. Siku moja nimemjaza povu usoni, ananiuliza, mzee, tukipandisha kiingilio kidogo, watu wako watakuja? Nikamwambia thubutu! Hawa wabahili, watakaa nyumbani. Nilitaka bei isipande tu, jamani. Sikujua mtu anafikiria kufunga klabu akiwa na povu usoni.”

“Ah, toka hapa!” Dona Hermínia akapiga kelele kutoka nyuma, yule muuza magazeti. “Wewe uue klabu wewe? Mimi nilipitisha wanangu wote chini ya uzio, na wajukuu, na mbwa! Kama kuna muuaji ni mimi.”

“Mbwa naye alikuwa anaangalia mpira?”

“Kuliko wewe! Wewe ulikuwa unaangalia wale wasichana wa manyoya.”

Mwingine akasema yeye aliacha kwenda tangu ile mechi ya mvua. Mwingine alimwandikia Whitcomb barua ya matusi kuhusu choo cha uwanjani. Mzee mmoja, hata jina lake silijui, alisimama kwa fimbo akatangaza kwamba yeye huwa akishabikia kitu kinakufa, alianza na ile klabu ya kabla ya vita, na anaomba msamaha kwa zote. Kifo cha wengi harusi. Ukumbi mzima ukawa unacheka na unapangusa macho, kila mtu anamnyang'anya mwenzake kosa. Laiti Mama angewaona, mdogo wangu. Alibeba peke yake kitu ambacho mji mzima ulikuwa nacho mfukoni.

Hapo ndipo Fitzroy alipotoka jikoni na aproni yake. Hakuwa anacheka.

“Ile ya mwisho ilikuwa yangu,” akasema.

Hakuna aliyemwelewa. Tibúrcio akamwambia, “Ya mwisho nini, kijana?”

“Mpira ule wa mwisho. Kocha aliandika jina langu. Niliogopa. Nikamwambia Horácio, kaka, nichukulie. Nililiona goti lake, lilikuwa halienei tena kwenye soksi. Nikaliona na bado nikamwomba. Akaniambia, usijali, nitakwenda mimi. Mmemwita muuaji miaka miwili na mimi nimekaa kwenye viti vyenu nanyoa nywele.”

Kicheko kikakatika. Nikamtazama yule kijana ninayempakulia chakula kila Jumapili, nikaelewa kwa nini huwa hapokei sahani ya pili. Na wewe, Horácio. Ulijua! Ulipanda basi lile ukijua, ukawaachia jina lako walichafue, hukumtaja mwenzako kwa mtu yeyote, hata kwangu, hata kwa Mama. Nilikaa chini. Nilikuwa nimekuandikia hotuba nzima ya hasira kichwani kwa miezi mitatu, na yote ikaniyeyukia pale pale.

Mzee Tibúrcio alimwangalia Fitzroy, akaketi. Kisha akairudisha leso yake shingoni, akainua kijiko, akaonja, akakunja uso.

“Imepoa,” akasema. “Leonor! Pasha moto hii. Marehemu anadaiwa, mnataka alipe kwa supu baridi?”

Wakala, Horácio. Masufuria yalipashwa yote na yaliliwa yote, pamoja na lile lenye pilipili, ambalo wazee walilikohoa wakaomba tena. Yule mke wa mwokaji alirudi baadaye na mikate mitamu miwili, akaiweka mezani. Adelino alimshika Fitzroy begani akamkalisha kati yetu, na Fitzroy akala sahani ya pili. Jioni yake niliporudi nyumbani na taji limeshakwenda kanisani, nilikaa kwenye kile kiti cha dirishani mpaka giza likaingia. Nyumba ilikuwa imetulia. Nilimlilia Mama vizuri, kilio nilichokuwa nimekibana tangu mazishi.

Fitzroy alitaka akuandikie mwenyewe. Ameanza mara nyingi na kila mara anachana karatasi, kwa hiyo ameniomba nikuambie mimi. Sijui utamwambia nini. Hilo ni lenu wawili. Mimi nakwambia tu kwamba haombi umsamehe, anaomba umruhusu alitangaze kosa lake popote utakapotaka.

Sasa nisikie dada yako neno la mwisho. Nadhiri ya Mama ilikuwa na sehemu mbili, nimekuandikia maneno yake kama alivyoniachia. Klabu ifungwe, na wewe urudi nyumbani. Amelipa kila bakuli, wala hakuwekewa nusu bei. Alichopewa ni nusu. Alikufa akiingojea ile nyingine, kila basi likipita anatazama dirishani na kusingizia anaangalia hali ya hewa. Mimi siwezi kwenda kanisani kumdai Roho Mtakatifu. Nakudai wewe.

Mama mdogo Leonor anakusalimu na anasema umletee picha, si kadi. Adelino anakusalimu, anasema kiwandani wanatafuta watu na kazi ni ya kusimama lakini si sana. Natércia anakusalimu anko wake na anataka jezi yoyote, hata ya klabu iliyokufa. Dona Hermínia anakusalimu. Mzee Tibúrcio alinisimamisha mtaani jana, akanung'unika muda mrefu juu ya joto, mwishowe akasema nikuambie kwamba nywele za Nebraska hazinyolewi vizuri. Hiyo ndiyo salamu yake, ipokee hivyo hivyo.

Mungu akufunike, akulinde katika miji hiyo usiyoizoea, na akupe usingizi. Mama aliomba urudi na miguu miwili mizima. Mimi sina masharti hayo. Njoo hata unachechemea.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nilipoapa sikuandikii,

Deolinda